UZI: Skeli kali ya noti nane kwenye mandolini. Nimeikalia miezi minne, karibuni tuijadili

Jozi_Nne (mwanzisha uzi)

Hamjambo wadau wa muziki.

Miezi minne sasa niko na skeli (ngazi ya noti) moja tu, jioni baada ya jioni, chumbani kwangu hapa Pangani, Nairobi. Nimefika mahali naona nikiikalia kimya nitakuwa nimewanyima wenzangu. Najua wengi humu mnapiga gita na kinanda, sisi wa mandolini tunahesabika, lakini mengi ya humu yatawafaa nyote.

Skeli yenyewe ina noti nane, si saba. Hatua zake ni nusu toni, toni, nusu toni, toni, hivyo hivyo mpaka juu. Ukianzia G unapata G, A♭, B♭, B, C♯, D, E, F, halafu G ya juu. Warusi huiita skeli ya Rimsky-Korsakov, mtunzi wao, kwa vile aliitumia sana. Mtunzi Mfaransa Olivier Messiaen naye aliipanga ya pili kati ya modi zake katika kitabu cha nadharia alichotoa 1944. Watu wa jazi wanaitumia kila siku. Lakini ukiipiga mara ya kwanza, juu chini, inasikika kama mtu anayepanda ngazi ambazo fundi alikosea vipimo. Hakuna mahali mguu unatulia.

Na hapo ndipo wengi huiacha. Mimi mwenyewe wiki tatu za kwanza nilikuwa naikimbiza tu: metronomu (mashine ya kuhesabu mapigo) 60, kesho 66, keshokutwa 72. Vidole vikawa vyepesi, masikio yakabaki palepale. Nilikuwa nazijua freti (vile vyuma vya shingoni), sauti sizijui. Ukiniambia niimbe noti ya tano bila kugusa chombo, siwezi.

Kwa hiyo nilianza upya kwa njia nyingine, na hiyo ndiyo naileta hapa: skeli kali huanzwa na sikio, kwa noti mojamoja juu ya mlio mmoja usiobadilika. Vidole hufuata.

Kwanza ramani. Mandolini ina nyuzi nane katika jozi nne, G, D, A, E kama fidla. Kutoka jozi hadi jozi ni noti ya tano kamili, yaani nusu toni saba. Skeli yetu inakaa hivi, nambari ni freti, kila freti ni nusu toni, 0 ni uzi wazi usiobonyezwa:

Jozi ya G: 0, 1, 3, 4, 6
Jozi ya D: 0, 2, 3, 5, 6
Jozi ya A: 1, 2, 4, 5
Jozi ya E: 0, 1, 3, 4, 6

Angalieni jozi ya A: uzi wazi haumo. Sisi wa mandolini tumezoea kupumzikia nyuzi wazi, na hapa moja imefungwa. Mkono utaisahau mara nyingi sana. Vidole navyo: mazoea yetu ni kidole kimoja kuhudumia freti mbili, cha shahada 1 na 2, cha kati 3 na 4, na kuendelea. Hapa freti 3 na 4 zinafuatana, kwa hiyo ukishikilia mazoea cha kati kitateleza kutoka 3 kwenda 4 na noti itasikika imepakwa. Mimi natumia vinne vyote: shahada kwenye 1, kati kwenye 3, pete kwenye 4, kidogo kwenye 6. Kidole kidogo kitalalamika wiki mbili.

Nitarudi na zoezi lenyewe nikishakula.

---

Fundi_wa_Kariobangi

Mkuu, kabla hujaenda mbali waambie watu wapime chombo. Nimeletewa mandolini nyingi ambazo freti ya 12 haisemi ukweli. Mtu atajifunza skeli kali kwa chombo kilichopotoka, halafu asijue kipi ni ukali wa skeli na kipi ni kasoro ya daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi.

---

Jozi_Nne

Fundi, asante sana, umenigusa mahali panapouma. Yangu niliinunua duka moja hapa mjini, nikaambiwa iko tayari. Haikuwa tayari. Daraja la mandolini nyingi halijagundishwa, linashikiliwa na mkazo wa nyuzi tu, kwa hiyo likisukumwa kidogo njiani au mtu akibadilisha nyuzi zote kwa pamoja, linahama.

Kupima ni rahisi. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upige, mlio utoke kama kengele. Kisha bonyeza freti hiyohiyo ya 12 upige tena. Sauti mbili zinatakiwa ziwe moja. Ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, legeza nyuzi kidogo na urudishe daraja nyuma, upande wa mkia. Ikiwa chini, lisogeze kuelekea shingoni. Yangu ilihitaji kama milimita tatu. Milimita tatu! Nilikuwa nimejilaumu mwezi mzima kwamba C♯ yangu ya juu siisikii vizuri.

Kuna na hili la jozi. Kila sauti yetu ni nyuzi mbili. Zisipolingana sawasawa, zinatoa wimbi, ule mlio wa wou-wou-wou. Kwenye wimbo wa kawaida wimbi hilo dogo linapendeza kidogo. Kwenye skeli hii linaharibu kila kitu, kwa sababu kazi yetu ni kusikiliza mgongano kati ya noti na noti. Jozi ikigombana yenyewe kwa yenyewe, hutausikia mgongano unaoutafuta. Kwa hiyo nasawazisha uzi mmoja wa jozi kwa kipimo cha simu, wa pili nausawazisha kwa sikio juu ya mwenzake mpaka wimbi life kabisa. Dakika kumi kila jioni, na sizihesabu kuwa hasara, hayo tayari ni mazoezi.

Sasa zoezi lenyewe.

Acha jozi ya G ivume wazi. Hiyo ndiyo sakafu yako. Skeli nzima ipige kwenye jozi ya D peke yake, ukipanda shingo: freti 5, 6, 8, 9, 11, 12, 14, 15, 17. Ukipiga jozi zote mbili kwa pamoja, kila noti inasimama juu ya G na unaisikia jinsi inavyokaa nayo. Usiende haraka. Mimi siku ya kwanza nilikaa na freti mbili tu, 5 na 6. Freti ya 5 ni G, imetulia kama maji mtungini. Freti ya 6 ni A♭, na hapo hewa yote chumbani inabadilika. Piga, acha ivume, iimbe kwa sauti yako mwenyewe juu ya G. Koo litataka kuteremka kwenda G au kupanda kwenda A, kwa sababu ndiko lilikozoea. Lishikilie palepale. Ukiweza kuishika A♭ kwa pumzi moja bila kuyumba, hiyo noti ni yako.

Siku ya pili ongeza 8. Siku ya tatu 9. Noti ya tano, freti ya 11, ndiyo ngumu kuliko zote, C♯ juu ya G. Hiyo nitaiongelea peke yake.

---

Alto_Buruburu

Kaka, mimi siyo wa nyuzi, ni wa kwaya. Hizo herufi na freti zinanichanganya. Unaweza kuiandika kwa solfa?

---

Jozi_Nne

Dada, bila shaka, na nafikiri nyinyi wa kwaya mtaishika kabla yetu. Do ikiwa G:

d – ra – ma – m – fe – s – l – ta – d'

Fe na ta mnazijua, zinatokea sana kwenye nyimbo zikihama kii. Ma pia, mkiimba kitu chenye huzuni. Geni kwenu ni ra, na kule kupita ma kisha m mara moja bila kuchagua moja. Anza na d – ra – d. Halafu d – fe – s. Fe ukiiegemeza kwa s inayofuata utaiona njia, kisha jaribu kuisimamisha peke yake bila kuikimbilia s.

---

Mlinzi_wa_Nyimbo

Samahani kwa kuingilia. Hiyo d kwenda fe si ndiyo ile ya toni tatu inayoitwa ibilisi wa muziki? Nilifundishwa kwamba kanisa liliipiga marufuku. Mimi ni mwalimu wa kwaya na nisingependa waimbaji wangu waizoee.

---

Jozi_Nne

Mwalimu, swali lako nalichukua kwa uzito wote, kwa sababu hata mimi nililelewa na nyimbo za kitabuni.

Jina hilo la Kilatini, diabolus in musica, linaonekana kwa waandishi wa nadharia kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1700. Lilikuwa onyo kwa wanafunzi: fa na ti zikikutana hivi sauti inakuwa ngumu kuimba na sentensi ya wimbo inavunjika. Ni onyo la ufundi, si marufuku ya kanisa, kama fundi wa mbao anavyomwonya kijana kuhusu msumeno.

Na mwalimu, kwaya yako inaiimba kila Jumapili. Wimbo ukiwa kwenye C, ile kordi (noti kadhaa kwa pamoja) ya mwisho kabla ya kutua mara nyingi ni G7, na ndani yake mna F na B. Kati ya F na B ni toni tatu kamili. Alto wakiwa na fa na tenori wakiwa na ti, msukumo wa kurudi nyumbani unatoka kwenye msuguano wa hao wawili: ti inapanda kwenda do, fa inateremka kwenda mi. Ondoa fa uone jinsi mwisho unavyopooza. Kwa hiyo waimbaji wako wameshaizoea, ila hawajawahi kuitazama usoni.

Kwa wa mandolini, toni tatu ni jambo la kupendeza sana kimkono. Freti ileile kwenye jozi inayofuata ni noti ya tano kamili. Rudi nyuma freti moja tu kwenye jozi ya juu, umepata toni tatu. Jozi ya G freti 4 ni B, jozi ya D freti 3 ni F. Zipige pamoja. Endelea: jozi ya A freti 5, jozi ya E freti 4. Hapo una B, F, D, A♭, kordi ya dimi (diminished) yenye noti zote nne, 4-3-5-4. Sogeza mkono mzima freti tatu mbele, 7-6-8-7, unapata noti zilezile nne zimebadilishana nafasi tu. Skeli yetu nayo iko hivyohivyo: umbo lolote lisilo na uzi wazi ukilisogeza freti tatu, bado uko ndani ya skeli ileile. Ndiyo maana duniani ziko tatu tu za aina hii, ukianza na G, na G♯, na A. Ya nne ni ya kwanza tena. Ukijifunza tatu umemaliza zote kumi na mbili.

---

Mwana_wa_Kibokoni

Assalam alaykum na hamjambo nyote. Mimi ni mtu wa Mombasa, nafanya kazi Eastleigh. Ndugu, sisi watu wa taarabu hizo nusu toni kali tumelala nazo tangu utotoni. Hijazi huijui? D, E♭, halafu unaruka mpaka F♯, kisha G. Kwenye mandolini yako ni jozi ya D, 0, 1, 4, 5. Hakuna anayesema ni mbaya. Bibi yangu akiisikia akilia.

Ila kwenye udi hakuna freti, na risha yangu (piki ya udi) ikigusa zile noti zilizo katikati, robo toni, freti zako haziwezi kunifuata.

---

Jozi_Nne

Wa alaykum salaam, na karibu sana. Umeleta neno ambalo nilikuwa nalitafuta nikalikosa. Hijazi ni kali na haitushangazi kwa sababu tunajua inatoka wapi na inakwenda wapi. Sikio limeonyeshwa njia tangu utoto. Hii ya noti nane hakuna aliyetuonyesha, ndiyo maana inasikika kama kosa. Kwa hiyo mtu akija kwa hijazi kwanza, 0, 1, 4, 5, akaiimba mpaka ikakaa, ile nusu toni ya chini haitamtisha tena, na ra ya dada Alto ndiyo hiyohiyo.

Kuhusu robo toni umesema kweli, kwetu hazipo.

Sasa ile C♯ niliyoahidi, safari hii kwenye freti ya 6 ya jozi ya G. Bonyeza hapo, ni C♯, na upige pamoja na jozi ya D wazi. C♯ ni hezi (mitetemo kwa sekunde) 277, D ni hezi karibu 294. Tofauti ni kama 16 na nusu, maana yake sauti mbili zinagongana mara 16 hivi kwa sekunde. Sikio haliwezi kuzihesabu, linasikia ukwaru, kama kucha kwenye turubai. Usiogope. Weka piki (kile kibao cha kupigia nyuzi) karibu na mwisho wa shingo ambako mlio ni laini, piga polepole, kisha sogeza piki taratibu kuelekea darajani. Ukwaru unageuka rangi njiani: kule mwanzo ni wa joto, karibu na daraja ni wa chuma kitupu. Mimi nimekaa na noti hizo mbili nusu saa nzima, stima zikiwa zimepotea mtaa wote, na sikuhitaji kitu kingine.

Giza hilo lilinifundisha jambo lingine. Stima zikiwepo, friji ya jirani inavuma ukutani. Umeme wetu ni hezi 50, na mvumo wa mashine nyingi huwa mara mbili yake, 100. G ya kinanda, ile iliyo oktava moja chini ya uzi wangu, ni 98. Karibu, lakini si yenyewe. Nilikuwa nikiimba juu ya G yangu huku ukuta ukinivuta juu kidogo, na nisijue kwa nini kila jioni naona nimepanda. Anayefanya mazoezi nyumbani azime anachoweza kuzima, au akae chumba kingine.

---

Gita_Ngara

Bosi haya yote ni matamu lakini skeli bila wimbo ni ya nini? Sisi tunapiga rumba na benga. Nitaiweka wapi?

---

Jozi_Nne

Bosi, hapo ndipo mimi mwenyewe nilipofunguliwa macho.

Iweke juu ya G7 inayokwenda C. Basi. G7 kwenye mandolini ni 0-0-2-1, G, D, B, F, na zote nne zimo ndani ya skeli. Kwa hiyo unaanza ukiwa nyumbani kwa kordi, na noti nne zilizobaki, A♭, B♭, C♯, E, zinamwaga pilipili. Pilipili ndani ya mchuzi, si kwenye macho.

Jozi ya E peke yake, ukishuka: 7, 6, 4, 3, 1, halafu 0 pale kordi inapogeuka kuwa C, 5-2-3-0. Yaani B, B♭, A♭, G, F, E. Ile E ya mwisho ni mi ya C, na imo pia kwenye skeli, kwa hiyo unatua laini.

Nyingine, jozi ya A: 4, 1, 2, na kordi ikigeuka, 3. Yaani C♯, B♭, B, C. Hii naipenda zaidi. Unaizunguka C juu na chini bila kuigusa, kisha unaikanyaga. Na mtazame: C haimo kabisa kwenye skeli yetu. Umekaa baa nzima (kipimo kizima cha mapigo) katika noti nane, na moja uliyoikosa ndiyo nyumbani. Ukiifikia, mwili mzima unashusha mabega. Nilimpigia jirani yangu mama wa duka, yeye hana habari na muziki wa nadharia, nikaishia kwenye B makusudi nikanyamaza. Akageuka akaniuliza, "Na hiyo nyingine?" Nikapiga C. Akaendelea kupima sukari.

Mwendo wa rumba usiubadilishe. Acha gita la pili na besi ziendelee kama kawaida, wewe ingia mipigo miwili ya mwisho tu ya G7. Ukimwaga baa nne nzima, wacheza watatafuta mguu.

---

Fundi_wa_Kariobangi

Hili la nyuzi usilisahau, watu wanahangaika kutafuta seti za mandolini mjini.

---

Jozi_Nne

Kweli Fundi. Zikikosekana, seti mbili za gita la akustika zinazoanzia 10 zinafaa. Seti nyepesi ya mandolini ina unene wa 10, 14, 24, 38, kwa sehemu za elfu moja za inchi. Seti ya gita ya 10 mara nyingi ina 10, 14, 23, 30, 39, 47. Ukichukua 10, 14, 23 na 39 kutoka kila seti, jozi zote nne zimekamilika. Nyuzi za gita zina kikete cha shaba mwishoni, na mkia wa mandolini unataka kitanzi. Shika kikete kwa koleo, kiminye taratibu mpaka kipasuke na kutoka, kitanzi kitabaki. Kinga macho kwa miwani au angalau geuza uso, kikete huruka. Badilisha uzi mmoja mmoja ili daraja lisihame.

Piki iwe nene, milimita moja kwenda juu. Piki nyembamba inapiga makofi na ule ukwaru wa C♯ na D utausikia nusu.

Nami nasema hili kwa wale wa Luo humu ndani: nyatiti ina nyuzi nane pia, na anayeipiga hugonga pete ya chuma ya kidole cha mguu kwenye fremu akishikilia mwendo. Nimechukua wazo hilo. Nafanya zoezi la freti mbili nikigonga kisigino sakafuni badala ya metronomu, kwa sababu mguu wangu unanisubiri nikichelewa kuisikia noti, mashine hainisubiri. Saa tatu usiku natandika mkeka chini ya mguu kwa heshima ya walio ghorofa ya chini, na nachomeka kitambaa chini ya nyuzi karibu na mkia.

---

Alto_Buruburu

Kaka nimerudi. Nimejaribu siku tano. D – ra – d iko. Nilimwomba mdogo wangu ashikilie d kwenye kinanda nikiwa naosha vyombo. Fe jana ilinikataa kabisa, nikawa naangukia f kila mara. Leo asubuhi kwenye matatu nimeiimba kimoyomoyo kutoka s nikishuka, s – fe, s – fe, kisha nikaitoa s. Imesimama. Nilikuwa Jogoo Road karibu nipitishe steji.

Inayofuata ni ipi?

---

Jozi_Nne

Hongera sana dada, umenifurahisha kweli. Hiyo njia ya kushukia kutoka s sikuwa nayo, leo usiku naijaribu.

Inayofuata ni ma na m. Mwambie mdogo wako ashikilie d, wewe uimbe ma, unyamaze pumzi moja, uimbe m, unyamaze, urudi ma. Usiziunganishe bado. Zikikaa, ungana nazo: d – ra – ma – m, hizo nne tu, polepole. Wenye mandolini ni jozi ya D, freti 5, 6, 8, 9, jozi ya G ikivuma. Nitakuwa nazipiga hizohizo wiki yote, kuanzia saa moja jioni.